Kosa la Siku Mbili

Mstaafu wa miaka sabini na mbili alipopewa majibu kwamba ni mjamzito, hospitali nzima ilicheka isipokuwa watu watatu: mstaafu mwenyewe, mke wake, na karani wa dirisha namba tatu aliyebandika stika kwenye kichupa chake. Mstaafu alitaka kumwona mkubwa wa hospitali. Mke wake alitaka kujua, mbele ya foleni nzima, huyo mjamzito halisi ni nani na alikuwa amekaa benchi gani. Karani alitaka ardhi ipasuke immeze.

Kesho yake kicheko kiliisha. Mama mmoja muuza mboga, aliyekuwa ameambiwa sukari yake iko sawa na kurudishwa nyumbani, aliletwa mgongoni kwa mwanawe akiwa hajitambui. Sukari ilikuwa imepanda mpaka kipimo kikashindwa kuisoma. Walipofukua kichupa chake cha damu cha wiki iliyotangulia, walikuta kina namba ya mgonjwa mwingine. Dirisha namba tatu ndilo lilikuwa dirisha pekee la maabara, na stika zote zilipita mikononi mwa Karani.

Katibu wa hospitali akamwita ofisini. Ilikuwa ofisi yenye feni mbili na viti vitatu, na vyote vitatu vilikuwa na wenyewe: kimoja Katibu, kimoja mafaili, na kimoja bwana mwenye tai nyekundu ambaye kadi yake ilimtaja kuwa Mshauri Mkuu wa Mifumo. Washauri Wadogo hakuna aliyewahi kuwaona. Karani akasimama.

"Mshauri, hebu mweleze," alisema Katibu.

"Dada yangu," Mshauri Mkuu alianza, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa, "mfumo wetu nimeukagua mwenyewe. Uko salama salimini. Kompyuta haikosei, inachapa kile ulichoiambia ichape. Kitaalamu tunaliita hili kosa la mtumiaji."

"Naingiza namba ya mgonjwa aliye mbele yangu, bosi. Nafanya hivyo mwaka wa kumi na moja huu."

"Basi labda umechoka."

"Nichoke wiki tatu hizi tu? Kwa nini sikuchoka mwaka jana?"

"Swali zuri," alisema Katibu, akimsukumia bahasha. "Kamati italijibu."

Barua ilikuwa imeshasainiwa kabla hajaingia. Alisimamishwa kazi bila mshahara mpaka kamati ikae, na kamati ingekaa nafasi ikipatikana. Akaambiwa aache koti lake jeupe, kisha atokee lango la nyuma, wagonjwa wasije wakapata hofu. Mlinzi wa lango hilo, ambaye kila asubuhi kwa miaka yote hiyo alikuwa akimwita shemeji, aliupekua mkoba wake kama wa mwizi. Ndani akakuta ukanda wa stika zilizochapwa bila kubandikwa.

"Mali ya hospitali hii, shemeji."

"Nilikuja nazo nimwonyeshe Katibu. Hakuniuliza."

Mlinzi alizitazama, akatazama huku na huku, akazirudisha mkobani. "Sijaona kitu," alisema. Huo ndio ukawa msaada pekee aliopata Karani siku hiyo kutoka kwa taasisi aliyoitumikia.

*

Nyumbani kulikuwa na watu wawili: mama yake mzazi, aliyekuwa kwenye kochi akibishana na televisheni, na mume wake, aliyekuwa kwenye meza ya dirishani akigonga kibodi. Jina la Fundi Hewa alilipewa na huyo huyo mama mkwe. Fundi kiti, alisema, utamwona na kiti. Fundi bomba utamwona na maji. Lakini huyu mkwe wangu anatengeneza hewa.

Siku tatu za wiki Fundi Hewa alitengeneza kompyuta za watu katika duka la vifaa vya ofisi, akapata cha kununulia mkaa na umeme. Siku zilizobaki alitunza vifurushi. Linux, ule mfumo wa kuendeshea kompyuta unaotolewa bure na kutengenezwa na watu waliotawanyika duniani kote, husafirishwa kwa vifurushi, na kila kifurushi lazima kiwe na mtu wa kukiangalia: kukipokea kikirekebishwa, kukijaribu, kukisambaza, na kutukanwa kikiharibika. Fundi Hewa alikuwa na vifurushi kumi na tisa. Alivirithi kimoja kimoja kutoka kwa watu waliooa, walioajiriwa, au waliopata akili.

Karani alipoingia, mumewe alikuwa anamjibu mtu asiyemjua, wa nchi ya mbali, aliyeandika kwamba kompyuta yake mpya haitoi sauti na kwamba wahusika wote ni wavivu wanaostahili kufukuzwa kazi. Fundi Hewa alikuwa amemwandikia kwamba angefurahi sana kufukuzwa kazi, ila ingebidi kwanza aajiriwe. Akaisoma tena, akaifuta. Akaandika: "Asante kwa taarifa. Nitaangalia."

"Nimesimamishwa kazi," alisema Karani.

Televisheni ilizimwa. Karani akasimulia yote, tangu mstaafu hadi lango la nyuma, akijitahidi sauti isitetemeke mbele ya mama yake. Alipofika kwa muuza mboga, ikatetemeka. Mama akampisha kwenye kochi. Mume naye akageuza kiti, uso umejaa huruma, akauliza:

"Hiyo printa ya stika ni aina gani?"

"Unasemaje?"

"Printa. Ni ile ndogo nyeusi, ya zamani, yenye kifuniko kinachofunguka kwa juu?"

"Mimi mshahara umekatwa, mgonjwa yuko wodini anapumulia mashine, wewe unaniuliza kifuniko cha printa?"

"Mwache, mwanangu," alisema mama. "Kila mtu na msiba anaoujua."

Lakini Fundi Hewa alikuwa ameshauona ukanda wa stika uliochungulia kwenye mkoba. Akauchukua, akaunyoosha juu ya meza, akaanza kusoma kwa kidole. Kila stika ilikuwa na jina juu, katikati ile mistari myeusi inayosomwa na mashine ya maabara, na namba chini kabisa. Kidole kikashuka mara ya kwanza, mara ya pili, kisha kikasimama. Jina lilikuwa la mgonjwa huyu. Mistari na namba zilikuwa za mgonjwa aliyemtangulia. Haikuwa kila stika, ila moja katika kila nane au tisa, pale mbili zilipochapwa kwa kufuatana haraka.

"Printa haifuti kumbukumbu yake," alisema taratibu. "Inabakiza mkia wa kazi iliyopita."

"Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe." Aliondoa kidole. "Ni mimi."

Akaeleza akiwa ameinamisha kichwa. Ili kompyuta ielewane na printa, lazima kuwe na kiendeshi, yaani kipande cha programu kinachotafsiri kati yao. Kiendeshi cha printa hizi kuukuu kilikuwa miongoni mwa vile vifurushi kumi na tisa. Miezi mitano iliyopita mhandisi wa kampuni moja kubwa alileta marekebisho ya kuharakisha uchapaji. Fundi Hewa aliyajaribu kwenye printa yake, yakaenda vizuri, akayapokea, akayasambaza. Printa yake ilikuwa toleo la pili. Toleo la kwanza, lile la zamani zaidi, hakuwa nalo. Baada ya siku mbili mfamasia mmoja asiyemfahamu aliandika kuwa lebo zake za dawa zinachanganyika. Usiku huo huo Fundi Hewa akaliondoa kosa, akatoa kifurushi kipya, akaweka na onyo kwa herufi kubwa kwamba kila mwenye kile cha zamani akibadilishe mara moja.

"Miezi mitano iliyopita," Karani alirudia. "Mbona sisi imeanza wiki tatu hizi?"

Hapo akakumbuka. Wiki tatu nyuma Mshauri Mkuu alikuja kufanya matengenezo ya mwezi, yale ambayo hospitali ilikuwa ikimlipa kila mwezi na yeye akionekana kila baada ya miezi miwili. Alichomeka flashi yake kwenye kompyuta ya dirisha namba tatu, akaongea na simu dakika kumi, akachomoa, akasaini daftari. Kwenye mtandao asingeweza kukipata kifurushi kibovu hata angekitafuta kwa tochi, maana kilishaondolewa. Alikuwa nacho mfukoni, kimekaa miezi mitano kama mkate uliosahauliwa kwenye begi.

Karani alimtazama mumewe, na hasira iliyokuwa haina pa kwenda tangu asubuhi ikapata pa kutua.

"Kwa hiyo," alisema, "mimi nimesimamishwa kazi na mume wangu."

"Miaka sita nauliza mkwe wangu anafanya kazi gani," alisema mama, akiiwasha tena televisheni. "Leo nimejua."

*

Fundi Hewa aliandika barua kwa Katibu, akaeleza kosa, dawa yake na hatari ya kuendelea kuitumia printa ile. Haikujibiwa. Akaipeleka mwenyewe kwa mkono, mapokezi wakaigonga muhuri na kuiweka juu ya nyingine. Siku ya tatu Karani alimpigia simu mkuu wa maabara, mwanamke mkavu asiyependa maneno mengi, akamwomba jambo moja tu: namba ziandikwe kwa kalamu mpaka kamati ikae. Mkuu wa maabara hakuuliza kwa nini. Alisema, "Nimeshaanza jana," akakata.

Siku ya kumi na moja kamati ikapata nafasi. Karani alikuwa hajalala vizuri usiku kucha, na asubuhi akiwa anamnyooshea mumewe shati alimwuliza: "Ukisema ni wewe, si watatumaliza wote wawili?"

"Imeandikwa pale mtandaoni, mke wangu. Yeyote anaweza kuisoma. Nikinyamaza itakuwa nimeficha kitu kilichobandikwa ukutani."

Langoni mlinzi alimpa daftari la wageni. Penye "Kampuni" Fundi Hewa alifikiri, akaacha wazi. "Haiwezekani kuacha wazi," alisema mlinzi. Penye "Cheo" pia haikuwezekana. Mwishowe akaandika: Mume.

Ndani walikuwa Katibu, mkuu wa maabara, na Mshauri Mkuu, aliyealikwa kama mtaalamu huru, ingawa mfumo uliokuwa unachunguzwa ulikuwa wake. Alionyesha picha ukutani kwa dakika ishirini. Zilikuwa na mishale mingi, na mishale yote iliishia kwenye kikaragosi cha mwanamke aliyekaa mbele ya kompyuta. Mfumo huu, alisema, umeandikwa na mabingwa wa ng'ambo. Sisi ni nani tuwakosoe?

"Kile kiendeshi cha printa hakikuandikwa na mabingwa wa ng'ambo," alisema Fundi Hewa kutoka kwenye kiti cha mlangoni. "Nakitunza mimi."

Katibu alimtazama kwa juu ya miwani. "Wewe ni wa kampuni gani?"

"Sina kampuni."

"Ofisi yako?"

"Nyumbani. Mezani, karibu na dirisha."

"Wanakulipa kiasi gani?"

"Hawalipi."

"Nani hawalipi?"

"Hakuna wa kulipa."

Mshauri Mkuu alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayemhurumia mwenzake. Katibu akaweka kalamu chini. "Ndugu yangu, nisaidie nielewe. Huna kampuni, huna ofisi, huna mshahara. Halafu unataka kamati iamini kwamba mashine ya hospitali hii inakutegemea wewe?"

"Hata mimi sipendi iwe hivyo, mheshimiwa."

Karani aliutazama mkeka wa sakafuni. Miaka sita alikuwa akiwaambia majirani kwamba mumewe "yuko kwenye mambo ya kompyuta", akibadilisha mazungumzo haraka kabla hawajauliza zaidi. Sasa kila swali alilokuwa akilikwepa lilikuwa linaulizwa kwa sauti, na kila jibu lilikuwa lile lile alilokuwa akiliogopa.

Mkuu wa maabara akainuka. "Kompyuta iko chumba cha pili," alisema. "Tunabishana nini?"

Wakaandamana hadi dirisha namba tatu, Katibu mbele, Mshauri Mkuu nyuma akipangusa shingo. Fundi Hewa aliomba ruhusa, akaketi kwenye kiti cha mkewe, akaandika mstari mmoja. Kompyuta ikajibu kwa mistari saba: jina la kifurushi, tarehe yake, ukubwa wake, na chini, penye mtunzaji, jina kamili la mtu. Mkuu wa maabara akanyoosha mkono. Fundi Hewa akatoa kitambulisho. Mwanamke huyo alisoma kioo cha kompyuta, akasoma kitambulisho, akampa Katibu. Katibu alikigeuza nyuma, kana kwamba upande wa pili ungekanusha.

Mshauri Mkuu ndiye aliyewahi kupata nguvu. "Basi!" alisema, karibu kwa furaha. "Mtuhumiwa kajileta mwenyewe! Kifurushi kibovu ni chake, jina lake hilo hapo. Na kwa bahati gani sijui, mke wake ndiye anayekaa hapa. Katibu, hii si ajali tena. Hii ni familia."

Karani alimgeukia mumewe, akijua anavyomjua kwamba ataomba radhi na kunyamaza.

Fundi Hewa aliomba radhi. "Kosa ni langu," alisema. "Niliipokea kazi bila kuijaribu kwenye printa ya toleo la kwanza. Nilikaa na kosa hilo siku mbili, nikaliondoa, nikaandika onyo. Siku mbili ni zangu, na huyo mama aliyelazwa nitakwenda kumwomba msamaha." Kisha akauliza, bila ukali wowote, kama anayeuliza saa ngapi: "Miezi mitano iliyobaki ni ya nani?"

Mkuu wa maabara alilivuta daftari la matengenezo kutoka kwenye rafu, akalifungua kwenye saini ya mwisho, akaliweka wazi mezani. Saini ilikuwa nzuri, yenye mikia.

Fundi Hewa akachapa stika nyingi haraka haraka, majina ya kubuni. Ya nane ilitoka na mkia wa ya saba. Akauliza nenosiri la kompyuta. Likaonekana limebandikwa kwa gundi chini ya kibodi, kwa mwandiko wa Mshauri. Akaweka kifurushi kipya kutoka mtandaoni, akachapa tena stika hamsini. Kila jina lilikuwa na namba yake.

"Ni hivyo tu?" aliuliza Katibu. "Dakika nne?"

"Tatu. Moja tumeitumia kutafuta nenosiri."

*

Muuza mboga alikuwa amepata fahamu, kitanda cha mwisho karibu na ukuta. Fundi Hewa alisimama miguuni pake na mfuko wa machungwa, Karani ubavuni. Akaeleza alivyoweza, akasema kosa lilipitia mikononi mwake.

Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho. "Wewe ndiye daktari?"

"Hapana, mama."

"Muuguzi?"

"Hapana."

"Basi una nini wewe na damu yangu?"

Watu wa duniani kote walishamwita Fundi Hewa mvivu, mjinga na mwizi wa muda wao, na wote alikuwa amewajibu. Huyu hakumtukana. Alikuwa anauliza kweli, akisubiri kujibiwa, mkono mmoja una sindano ya dripu na mwingine umeshika mfuko wa machungwa. Walipotoka nje alikaa kwenye ngazi za wodi, na Karani akakaa naye, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya barua hakuwa na hasira naye.

"Nahitaji printa ya toleo la kwanza," alisema Fundi Hewa. "Siwezi kujaribu kwa kukisia tena."

"Itanunuliwa na nani?"

"Ndiyo hapo."

Uamuzi wa kamati ulitoka kwa maandishi. Karani alirudishwa kazini, akipewa onyo la kuwa mwangalifu zaidi na stika siku zijazo. Mshahara wa siku alizokaa nje ungefikiriwa. Mkataba wa Mshauri Mkuu uliongezewa kipengele kipya cha "kufuatilia matoleo", na kwa kuwa ni kazi mpya, na malipo yake mapya. Fundi Hewa alitumiwa cheti cha shukrani chenye fremu, kimeandikwa jina la mtu mwingine kabisa.

Mama mkwe alikitundika ukutani hata hivyo. Wageni wakimwuliza huyo aliyeandikwa ni nani, anajibu, "Hatumjui, lakini amefanya kazi nzuri."

*

Baada ya mwezi na nusu hospitali ikaamua kuachana na printa kuukuu. Zilinunuliwa mpya nane, kupitia Mshauri Mkuu. Zilikuwa nyeupe, zinang'aa, zina taa ya bluu mbele, na kompyuta za hospitali hazikuzitambua kabisa. Ungezichomeka, taa ikawaka, basi. Mtengenezaji aliandika kwenye boksi kwamba zinafanya kazi na mifumo yote, kisha akasahau kuandika kiendeshi cha Linux. Wakati huo kadi za mwaliko zilikuwa zimeshatoka: mgeni rasmi angekuja Alhamisi kuzindua "maabara ya kisasa" kwa kuchapa stika ya kwanza.

Mshauri Mkuu alianza na barua pepe, akaambatisha picha ya printa iliyopigwa kwa simu. Aliomba kiendeshi kipatikane "haraka iwezekanavyo, kwa maslahi ya umma". Fundi Hewa alijibu kwamba printa haitibiwi kwa picha, anaihitaji mezani. Jumamosi asubuhi gari kubwa likasimama mbele ya nyumba, na Mshauri Mkuu akabisha hodi amekumbatia boksi.

"Karibu," alisema mama mkwe. "Vua viatu."

Alivua. Soksi ya kushoto ilikuwa imetoboka kidoleni, na muda wote aliokaa alijitahidi kuuficha mguu huo nyuma ya mwingine. Boksi aliliweka mezani. Karani, aliyekuwa akichambua mchele, aliona macho ya mumewe yakitua kwenye boksi lile na kung'aa, kama ya mtu aliyeona sahani imefunuliwa. Vidole vyake vilikuwa vimeshafika kwenye gundi ya kifuniko. Mdomo ulikuwa unafunguka kusema neno, na Karani alilijua neno lenyewe.

"Baba wa vifurushi," alimwahi, "hebu katuchemshie chai."

"Chai? Sasa hivi?"

"Mgeni ana kiu."

"Sina kiu, dada," alisema Mshauri Mkuu.

"Unayo. Mume wangu, nenda. Na uoshe na vikombe vile vikubwa."

Fundi Hewa alikwenda jikoni akiliangalia boksi kwa nyuma. Karani akasukuma ungo wa mchele pembeni, akajifuta mikono, akaketi mbele ya mgeni kwa mgongo ulionyooka, jinsi anavyoketi dirishani mtu mzito akija na mgonjwa asiye na fomu.

"Tukusaidie nini?"

"Ni suala la kiufundi, dada. Ningependa niongee na mwenyewe."

"Mwenyewe anachemsha chai. Umekuja na barua?"

"Barua ya nini?"

"Ya kumpa kazi. Inayosema anafanya nini, kwa siku ngapi, analipwa shilingi ngapi, na nani."

Mshauri Mkuu alitabasamu kwa subira. "Tusifikishane huko. Sisi ni jamii moja ya wataalamu. Ninaweza kumwombea cheti kingine."

"Cheti tunacho," alisema mama mkwe kutoka kwenye kochi. "Mwenyewe tu ndiye hatujampata."

"Dada yangu, hebu sikiliza." Tabasamu lilikuwa limeanza kuchoka. "Hii programu ni ya bure. Mumeo alisema mwenyewe mbele ya kamati, halipwi na mtu. Ndiyo uzuri wake! Sasa leo tuanze kuuziana?"

"Programu ndiyo ya bure," alisema Karani. "Mume wangu si programu."

Akachukua daftari la mumewe mezani, akachana karatasi, akaandika kwa mwandiko ule mnyoofu uliozoea kusomwa na madaktari. Malipo ya wiki nzima ya kazi, nusu leo, nusu printa ikichapa. Printa moja ya aina hii na moja ya zile kuukuu, toleo la kwanza, zibaki nyumbani moja kwa moja za kufanyia majaribio. Kiendeshi kikikamilika kitawekwa wazi kwa kila mtu duniani, wala mtu asije akaandika kwamba ni chake. Mshauri asome maonyo ya matoleo kila wiki, asaini kwamba amesoma. Na mwisho: mshahara wa siku kumi na moja wa karani wa dirisha namba tatu ulipwe.

"Hili la mwisho si langu," alisema Mshauri Mkuu. "Hilo ni la Katibu."

"Uzinduzi ni Alhamisi. Mpaka jioni litakuwa lako."

Mshauri Mkuu alilitazama boksi, akaitazama karatasi, akamtazama mama mkwe, ambaye alikuwa akiitazama soksi. Akatoka kibarazani, akapiga simu. Sauti yake ilisikika ikipanda, ikashuka, ikabembeleza, ikasema "ndiyo, Katibu" mara nne. Aliporudi alisaini bila kukaa. Ilikuwa saini ile ile nzuri, yenye mikia. Nusu ya kwanza ikaingia kwenye simu ya Karani kabla hajamaliza kuvaa viatu.

Fundi Hewa alitokea jikoni na sinia la vikombe vinne, mvuke unapanda. Akakuta viti vitupu na mkewe amekunja mikono mbele ya boksi.

"Mgeni yuko wapi?"

"Ameondoka. Soma hiyo."

Aliweka sinia chini, akasoma karatasi akiwa amesimama, mstari kwa mstari, midomo ikichezacheza. Alipofika kwenye kiasi cha malipo alikaa. Akasoma tena.

"Hii yote?" alisema. "Kwa kazi ya kiendeshi kimoja? Mke wangu, hiki ningekifanya bure."

"Najua," alisema Karani, akichukua kikombe chake. "Ndiyo maana nilikutuma jikoni."